Utendi wa Flashi

Utangulizi sitoi,
chaji yangu haikai,
umeme hautulii
dakika hadi dakika.

Niko Langoni, dukani,
punda hutazama ndani,
nachapa fomu za deni
na picha za kubandika.

Jana kaja Mwanasiti,
kabeba kama maiti
mashine ya zahanati,
haitaki kuamka.

Kaipakia pundani
tangu huko Matondoni,
mto juu, mto chini,
isipate kuvunjika.

Ndani mna chanjo zote
za watoto wetu wote:
"Somo, hayo usifute,"
kasema, jasho lashuka.

Mashine yenyewe nzima,
mfumo ndio wagoma,
virusi vimeuuma
wala hautoinuka.

Nasema, "Upo mwepesi,
ukoo wake Yuniksi,
haulipiwi fulusi,
huo nitausimika."

Saa nane za usiku
bando bei ya ruzuku;
napakua, sina chuku,
hata jogoo kawika.

Huja faili na pengo,
kwa nje ukaona jengo,
kumbe ndani ni uwongo,
tofali limechomoka.

Kwa hiyo pana alama:
herufi na namba nzima
sitini na nne, soma,
moja isije kuruka.

Leo tukawa chuoni:
nikisoma kiooni,
naye, wino mkononi,
alama akiziweka.

"Nane, nane, sita, dii,
tatu, efu, moja, bii…"
"Rudi nyuma, sisikii!"
Kwani punda kapayuka.

Ikabakia ni flashi:
za duka ni za ubishi,
hudanganya, hazitoshi,
gigi nane za dhihaka.

Ninayo moja ya kweli,
mna arusi kamili,
yangu na Twaha, ya pili,
aliyenipa talaka.

Vugo, pembe na vigoma,
mle acheka na mama,
sekunde tisa, si nzima,
kinywa akikifunika.

Zile tisa nikavuta
kwenye simu, nikakata;
Twaha na joho, na hata
keki, vyote kufutika.

Neno la herufi mbili,
dii kwa dii, li kali,
halina swali la pili
la kuuliza, "Hakika?"

Ei: diski ya dukani,
miaka sita ya deni;
bii: flashi ya pembeni;
hatua ya kupotoka.

Binamu yangu, Shekuwe,
aliandika mwenyewe
ei kwa bii, mwishowe
shahada akaizika.

Nikatazama mizani:
gigi nane ni ya nani?
Nikachomoa, sioni;
nikachomeka, yafika.

Kidole kikaibonya,
taa ya flashi yakonya
kama inayonikanya
au inayonicheka.

Kioo hakikunena,
asilimia hakuna,
twakaa, twatazamana,
na umeme kukatika!

Feni ikafa angani,
"Umekwenda!" majirani;
mimi na taa gizani,
bado yakonya, yawaka.

"Chomoa!" kaniambia.
Wali, mtu hupalia,
ndani haujatulia,
na mbichi hautalika.

Zikaja namba, tayari,
bila shangwe na fahari;
nikachomoa, kwaheri
Twaha, umekwisha toka.

Ya zahanati nawasha,
hodi flashi yaibisha,
mlinzi kaikatisha,
cheti chake akitaka.

Nikaenda mipangoni:
mlinzi, kalale ndani;
flashi kwanza, diski chini,
ndio mwendo, nikaweka.

Giza. Kisha zikanyesha
herufi zisizokwisha,
feni ndani yajirusha,
mgonjwa amezinduka.

Chanjo zote zi salama.
Mwanasiti akasoma:
"Huyu sasa ni mzima,
huyu shule amefika."

Mfumo ukauliza
jina nitakalojaza
la mashine. Nikawaza
kidogo, nikaandika

jina la mama: Bishara.
Mwanasiti: "Na ujira?"
"Flashi mpya, iliyo bora,
na mofa mbili, haraka."

Umeme bado hakuna.
Kapanda, twapungiana,
mto juu, chini tena,
Bishara akaondoka.